Kompyuta Ikikataa Saini, Isikilizwe

Mazungumzo ya leo yanamhusu kila anayetumia kompyuta yenye Linux: mwanafunzi wa chuo aliyewekewa Ubuntu kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, fundi anayetunza seva ya shule au ya zahanati, na hata yule anayejifunza usalama wa mitandao kwa Kali. Wote hao, siku moja au nyingine, wataandika amri ya kusasisha programu na kompyuta itagoma. Kwenye skrini litatokea neno NO_PUBKEY likifuatiwa na herufi na tarakimu kumi na sita, kisha maelezo kwamba saini ya ghala la programu haikuweza kuhakikiwa kwa sababu ufunguo wa umma haupo. Wengi wakifika hapo huunakili ujumbe, huutafuta mtandaoni, na hulichukua jibu la kwanza linalouondoa. Mara nyingi jibu hilo huiambia kompyuta iache kukagua. Hoja yangu leo ni moja. Makosa ya saini karibu yote yana chanzo kisicho na ubaya wowote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa anayezima ukaguzi kila yanapotokea anajizoesha kuupuuza ujumbe ambao siku ya shambulio la kweli utakuwa onyo lake la pekee.

Tuanze na saini yenyewe. Wanaotengeneza mfumo kama Debian wana funguo mbili zilizozaliwa pamoja kwa hesabu. Mmoja ni wa siri, nao haubanduki kwao. Wa pili ni wa umma, nao huwekwa ndani ya kila kompyuta inayopokea mfumo huo. Kilichosainiwa kwa ufunguo wa siri kinaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye ule wa umma, lakini huyo mwenye wa umma hawezi kuighushi saini. Watu wengi hudhani kwamba kila programu husainiwa peke yake. Kwa Fedora na jamaa zake ndivyo ilivyo, kila kifurushi hubeba saini yake. Kwa Debian na Ubuntu mambo ni mengine: kinachosainiwa ni faili moja ndogo iitwayo Release. Ndani yake mna namba za uhakiki za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha hizo mna namba ya uhakiki ya kila kifurushi. Namba hiyo ni tokeo la hesabu linalobadilika lote hata herufi moja tu ikiguswa ndani ya faili. Kwa hiyo saini moja hulinda mnyororo mzima. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya elfu 64, na ulinzi wake wote ulianzia hapo. Utaratibu huu uliingia katika Debian kwa toleo la 4.0, mwaka 2007. Kabla ya hapo kompyuta ilipokea ilicholetewa.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu programu hizi kwa kawaida huzishushi kutoka kwa mwenyewe. Unazishusha kutoka kwenye seva nakala zinazotunzwa kwa kujitolea na vyuo vikuu, kampuni za intaneti na taasisi mbalimbali katika nchi nyingi, na mara nyingi zinasafiri kwa HTTP ya kawaida, ambayo yeyote aliye njiani anaweza kuisoma na hata kuibadili. Hakuna anayekutaka umwamini mwenye seva nakala. Mtungi wa gesi wenye lakiri unaweza kuununua kwa Mangi au ukaletewa na bodaboda; unachokikagua ni lakiri, humkagui aliyeubeba. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwetu sisi lina faida ambayo haisemwi. Pale ambapo bando ni ghali na mtandao wa nje unasuasua, saini ndiyo inayoiruhusu maabara ya shule kushusha masasisho mara moja, kuyahifadhi kwenye seva ya ndani, na kuzigawia kompyuta arobaini bila kuyashusha mara arobaini. Ndiyo inayoruhusu ghala zima kunakiliwa kwenye diski, likapelekwa kwa basi mpaka mji wenye mtandao dhaifu, na bado likahakikiwa likifika. Uhalisi wake hautegemei njia liliyopitia. Ila angalia: faida hiyo ya Debian iko kwenye ghala lenye faili yake ya Release. Ukipewa kifurushi kimoja cha .deb kwenye flashi na kukisakinisha kwa amri ya dpkg, hakuna saini inayokaguliwa, kwa maana saini ilibaki nyuma ghalani. Kifurushi kimoja cha .rpm kina nafuu hapo, kinasafiri na saini yake.

Basi kosa likitokea, kazi ya kwanza ya fundi ni kuusoma ujumbe mpaka mwisho, kwa sababu makosa haya hayafanani ingawa yote yanakuja kwa rangi ile ile ya kutisha. NO_PUBKEY maana yake saini ipo, ila kompyuta haina ufunguo wa kuikagulia. EXPKEYSIG maana yake ufunguo inao, lakini tarehe ya ufunguo huo imepita. BADSIG ni habari nyingine kabisa: ufunguo upo, saini ipo, na hesabu hazikubaliani. Kitu kimebadilika kati ya aliyesaini na wewe. Hata hapo mara nyingi mkosaji ni seva ya kati iliyohifadhi nusu ya faili ya zamani na nusu ya faili mpya, na kufuta orodha zilizoshushwa kisha kuzishusha upya, au kuhamia seva nakala nyingine, humaliza jambo. Lakini BADSIG isiyoondoka baada ya kubadili seva na mtandao haifai kulazimishwa. Ukiiona, simama, usisakinishe kitu.

Kuna kundi la makosa ambayo hayahusiani na funguo hata kidogo. La kwanza ni saa. Kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya kwenye ubao mkuu imekufa huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, nayo hulalamika kwamba faili ya Release bado haijaanza kutumika. Ndivyo zinavyofanya pia kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya ile ya tano, ambazo hazina saa inayotembea umeme ukikatika. Saa ikiwa mbele kupita kiasi, tatizo linageuka: funguo nzima zinaonekana zimekwisha muda. Rekebisha saa, na kosa linaondoka bila kuugusa ufunguo wowote. Jambo la pili ni lango la mtandao. Hoteli, vyuo na baadhi ya mitandao ya simu, bando likiisha au usipoingiza nywila, hukurushia ukurasa wao wa malipo au wa kuingilia badala ya faili uliyoiomba. Programu ya apt, ambayo ndiyo inayosasisha Debian na Ubuntu, inapopokea ukurasa huo mahali pa faili yenye saini, huandika neno la ajabu, NOSPLIT, na kuuliza kama mtandao unahitaji kuingiwa kwanza. Ujumbe wenyewe umeshataja tatizo, na bado watu huhangaika na funguo usiku kucha huku dawa yake ni vocha.

Kundi jingine ni la makosa ya mkono. Mtu ameshusha ufunguo kwa anwani iliyokosewa, na alichohifadhi ni ukurasa unaosema faili haikupatikana. Amekipa jina la ufunguo na kukiweka mahali pa ufunguo. Au ufunguo umekuja katika maandishi ya kusomeka, ambao jina lake lilipaswa kuishia na .asc, naye akaupa mwisho wa .gpg unaotumika kwa funguo zisizosomeka kwa macho. Apt inaupita bila kuutumia. Au faili imewekwa na mtumiaji mkuu na haki zake zimefungwa kiasi kwamba apt, inayofanya ukaguzi kwa jina la mtumiaji mdogo, haiwezi kuifungua. Yote matatu yanaishia kwenye NO_PUBKEY ile ile, na mwenye kompyuta anaapa kwamba ufunguo ameuweka. Ni kweli ameuweka. Kwa watumiaji wa Arch hali inafanana, ila sababu yao kubwa ni ukawiaji: asiyesasisha kwa miezi hukuta vifurushi vimesainiwa na watu ambao kompyuta yake haiwajui, na dawa ni kusasisha kwanza kifurushi cha archlinux-keyring, kisha mara moja mfumo mzima.

Utaniuliza: kama makosa mengi ni ya saa, vocha na majina ya faili, kuna haja gani ya hofu? Si afadhali kuandika trusted=yes kwenye mstari wa ghala, au nogpgcheck kwenye amri ya dnf ya Fedora, kazi iendelee? Hili ndilo pingamizi kubwa, na haliondoki kwa kukemewa. Jibu langu linatokana na jinsi swichi hizo zinavyofanya kazi. Trusted=yes haiiambii kompyuta isamehe kosa hili la leo. Inaiambia isilikague ghala lile tena, leo, mwezi ujao, na mwaka kesho wakati wewe umekwisha sahau kwamba mstari huo upo. Na programu zinazoingia kwa njia hiyo husakinishwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Chochote kilichomo ndani kinaweza kusoma nywila, kufungua faili za wagonjwa, au kujificha mpaka kompyuta itupwe. Kosa la saa ulikuwa unalimaliza kwa amri moja. Umelimaliza kwa kuacha mlango wazi ambao huna kumbukumbu ya kuurudia.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni Kali, na una kejeli yake kwa kuwa Kali ni mfumo wa watu wa usalama. Tarehe 28 Aprili 2025 wasimamizi wake walitangaza kwamba katika siku chache amri ya kusasisha ingeshindwa kwa karibu kila mtumiaji. Hawakuvamiwa na yeyote. Walikuwa wamepoteza uwezo wa kuutumia ufunguo wao wa kusainia, wakalazimika kutengeneza mwingine, na ghala wakaligandisha tangu Ijumaa ya tarehe 18, iliyokuwa Ijumaa Kuu. Tafakari ugumu wake. Kwa kawaida ufunguo mpya huletwa ndani ya kifurushi kilichosainiwa na ufunguo wa zamani, na watumiaji hata hawajui kwamba kuna kilichobadilika. Debian hufanya hivyo kila mara. Lakini ufunguo wa zamani ukishapotea, hakuna kitu cha kuutambulisha mpya, na kila mtumiaji hana budi kuushusha kwa mkono wake. Sasa jiulize mvamizi angesema nini kama angetaka kuteka kompyuta hizo zote. Angesema hayo hayo: tumepoteza ufunguo wa zamani, chukueni huu mpya. Ujumbe wa kweli na ujumbe wa uongo ungefanana neno kwa neno, na skrini ingeonyesha NO_PUBKEY ile ile.

Wasimamizi wa Kali walijua hivyo, na walichofanya kinafaa kuigwa. Walitoa tangazo kwenye tovuti yao, wakaandika alama ya kidole ya ufunguo mpya kwa ukamilifu, wakaupeleka ufunguo huo pia kwenye seva ya funguo ya Ubuntu isiyokuwa yao, na baadhi ya watengenezaji wakausaini kwa funguo zao binafsi zilizokuwa zikijulikana zamani. Kwa maneno mengine, walimpa mtumiaji njia zaidi ya moja ya kuhakiki, ili anayetaka kumdanganya alazimike kuziteka zote kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha utatuzi wa kosa hili, msikilizaji. Kuweka ufunguo ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ni kujua kwamba ni ufunguo wa yule unayemdhania, na ujuzi huo haupatikani kwa njia ile ile iliyokuletea ufunguo.

Alama ya kidole niliyoitaja ni mfuatano unaoutambulisha ufunguo, wa herufi na tarakimu 40 kwa funguo zinazotumika zaidi leo, na ni lazima ilinganishwe yote. Zamani watu walitosheka na nane za mwisho. Mwaka 2014 watafiti wawili walionyesha kwamba kompyuta ya kawaida yenye kadi ya michoro inaweza kutengeneza, kwa sekunde chache, ufunguo bandia wenye nane za mwisho zinazofanana na za ufunguo wowote unaoutaka. Mwaka 2016 funguo za namna hiyo zilikutwa kwenye seva za funguo za umma, zikiwemo zenye jina la Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux. Kwa hiyo maelekezo yoyote yanayokuambia uchukue ufunguo kwa tarakimu nane yamepitwa na wakati, na huna haja ya kuyasoma zaidi.

Na maelekezo yaliyopitwa na wakati ni mengi ajabu. Kwa miaka mingi jibu la NO_PUBKEY lilikuwa amri ya apt-key ikiuvuta ufunguo kutoka kwenye mtandao wa seva za funguo ulioitwa SKS. Mwezi Juni 2019 mtandao huo ulishambuliwa kwa mbinu rahisi: vyeti vya wataalamu wawili wanaojulikana vilibandikwa saini za takataka kwa makumi ya maelfu, na programu zilizojaribu kuvisoma zikaganda. Mwaka 2021 anwani ya pamoja ya seva hizo ikafungwa. Amri yenyewe ya apt-key nayo ilikuwa na kasoro ya ndani. Ufunguo uliowekwa kwayo uliaminiwa kwa maghala yote: ufunguo wa kampuni ya kivinjari uliweza kusainia ghala linalojifanya ghala kuu la Debian, na apt ingekubali. Utaratibu wa sasa ni kuuweka kila ufunguo katika faili yake ndani ya saraka ya /etc/apt/keyrings, na kutaja kwa neno signed-by, kwenye mstari wa ghala husika, kwamba ufunguo huu ni wa ghala hili peke yake. Debian 12 na Ubuntu 24.04 bado zilikuja na apt-key. Katika Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, amri hiyo haimo tena, na anayefuata maelekezo ya kale atakutana na kosa jipya kabla hajalimaliza lile la zamani.

Wapo wanaosema siku hizi tovuti zote zina HTTPS, basi kushusha kutoka tovuti rasmi kunatosha na saini ni urithi wa zama zilizopita. HTTPS inathibitisha kwamba unazungumza na seva uliyoitaja, na kwamba hakuna anayeingilia njiani. Haisemi lolote kuhusu nani aliyeweka faili ndani ya seva hiyo. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kubadili viungo vya kushushia, wakawapeleka watu kwenye nakala ya Mint 17.3 iliyotiwa mlango wa nyuma. Aliyekuwa akishusha siku hiyo alikuwa kwenye tovuti rasmi, ameandika anwani sahihi, na alipata sumu. Namba ya uhakiki iliyoandikwa kwenye ukurasa huo huo haina msaada mkubwa hapo, kwa kuwa aliyeweza kubadili kiungo anaweza kubadili na namba. Saini inayokaguliwa kwa ufunguo ulioupata zamani, ambao siri yake haikai kwenye seva ya tovuti, ndiyo inayobaki imesimama.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaotaja xz. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana faili iitwayo xz yalikuwa na mlango wa nyuma uliolenga kuingilia seva kupitia SSH. Matoleo hayo yalisainiwa sawasawa, na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejenga uaminifu katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Vilevile Agosti 2008 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba mvamizi aliingia katika mitambo yake na kufanikiwa kusaini vifurushi vichache vya OpenSSH; Fedora nayo, ambayo seva yake ya kusainia iliguswa katika tukio lililotangazwa siku hizo hizo, iliamua kubadili funguo zake. Kwa hiyo ni kweli: saini haikuhakikishii kwamba programu ni njema. Inakuhakikishia imetoka kwa nani. Lakini tazama hesabu inayobaki. Bila saini, anayeweza kukudhuru ni yeyote aliye kati yako na ghala: mwenye mtandao wa hoteli, mwenye seva nakala, aliyeivamia seva nakala, jirani aliyeingia kwenye Wi-Fi yako. Pakiwa na saini, wanabaki wachache wenye ufunguo, nao wanaacha alama. Vifurushi vile vya 2008 viliweza kuorodheshwa na kutafutwa. Xz ilipojulikana, kila mfumo ulijua ni matoleo gani hasa ya kurudisha nyuma, na marekebisho yalisambazwa kwa watumiaji kwa njia ile ile ya saini. Aliyekuwa amezima ukaguzi hakuwa na namna ya kujua kwamba marekebisho aliyoletewa ni marekebisho kweli.

Kuna na wale wasemao: mimi ni nani hata nilengwe? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mashambulio yangekuwa ya kumtafuta mtu kwa jina. Aliyebadilisha nakala ya Mint hakuwa na orodha ya majina. Alimchukua kila aliyepita. Na seva ndogo ya ofisi isiyo na kitu cha thamani bado ina kitu kimoja kinachotakiwa sana, nacho ni intaneti ya saa ishirini na nne ambayo inaweza kutumika kuwashambulia wengine au kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako.

Lawama, hata hivyo, hazimwangukii mtumiaji peke yake, na nisingependa ionekane hivyo. Makampuni na miradi mikubwa imeacha funguo zake ziishe muda huku maghala yao yakiendelea kutumika, na watu maelfu wakaamkia EXPKEYSIG. Ufunguo ukiisha muda, mwenye ghala anaweza kuuongezea tarehe bila kuubadili. Alama ya kidole inabaki ile ile, na mtumiaji anachofanya ni kushusha nakala iliyohuishwa na kulinganisha. Ni kazi ndogo ambayo ingepaswa kufanywa miezi kadhaa kabla, si baada ya malalamiko. Kuna na wimbi jingine. Kuanzia tarehe 1 Februari 2026, apt ya Debian 13 inakataa funguo ambazo uthibitisho wake ulifanywa kwa SHA-1, hesabu ya zamani ambayo Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam waliivunja hadharani mwaka 2017. Ghala lililokuwa likifanya kazi jana linagoma leo ingawa hakuna kilichoguswa. Hapo mtumiaji hana la kurekebisha. Mwenye ghala ndiye anayepaswa kutoa ufunguo mpya, na kumwandikia kumdai ni haki yako. Kila mradi unaomlazimisha mtumiaji kuhangaika kwa uzembe wake unamsukuma karibu na ile swichi ya kuzima ukaguzi.

Nina ombi kwa walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu, na kwa wanaoandika maelekezo ya Linux kwa Kiswahili na kuyasambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Yapitieni upya maandishi yenu. Popote penye apt-key, wekeni signed-by. Popote penye tarakimu nane, wekeni alama ya kidole nzima na mtaje sehemu mbili zinazojitegemea ambako msomaji anaweza kuihakiki. Mwambieni aangalie saa na bando kabla hajagusa ufunguo. Na penye trusted=yes au nogpgcheck, futeni mstari huo.